Sekunde Nne kwa Siku

Mchana wa Tartu, Desemba, huzimika saa tisa.
Ndani ya kiwanda kilichokuwa cha mikate
Helve amepiga magoti mbele ya msitu
usiozidi meza ya kulia chakula,
anamsogeza kalunguyeye
upana wa punje ya mchele.
Anarudi nyuma. Picha.
Anainama tena. Punje nyingine. Picha.

Jioni, ukizijumlisha punje zote hizo,
kalunguyeye amepiga chafya.
Siku nzima, sekunde nne,
na mgongo wa Helve unadai zake.

Jina lake Okas, yaani mwiba kwa lugha ya kwao:
mifupa ya waya, nyama ya sufu,
njiti za meno mia tatu na arubaini
zilizochovywa kwenye chai nzito.
Midomo yake inakaa katika kopo la vifungo,
huu wa kucheka, huu wa kusema "a",
huu wa irabu ile inayovaa wimbi kichwani
ambayo wageni huitamka kama wanaumwa jino.
Theluji ni chumvi. Mto ni mfuko wa nailoni.
Na sauti ni ya mzee Heldur,
aliyetangaza treni stesheni miaka ishirini na sita;
hata Okas akisema, "Nimekukumbuka, chura,"
unahisi kuna behewa limechelewa.

Vipindi kumi na tatu, dakika saba saba.
Vitaanza Februari, Jumamosi ya kwanza, saa mbili asubuhi.
Tangazo limeshabandikwa kituo cha basi,
ubavuni mwa lile la dawa ya kikohozi:
kalunguyeye anayeokota glavu zilizopotea
na kuwatafuta wenye mikono.

Wazo lilikuja Leelo akiwa na miaka minne,
naye ndiye aliyekusudiwa, asiyelala bila hadithi.
Fedha zikaja nusu. Mfadhili akaaga.
Zikaja robo.
Leelo sasa ana tisa,
ana simu, ana siri,
ana meno ya mbele yaliyoutangulia uso.
Alipoliona tangazo alisema, "Ya watoto hiyo,"
akafunga zipu ya koti mpaka puani.

Helve hakujibu.

Jana bomba la shule lilipasuka kwa baridi,
Leelo akaletwa studio, akaketishwa juu ya kreti,
akatafuna mkate mweusi, akahesabu misumari ya dari.
Kisha akasimama.
"Hiyo glavu."

Nyekundu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba,
mshono mweupe kwenye kifundo.
"Ni yangu."
"Inafanana na yako. Uliipoteza pale darajani."
"Sikuipoteza. Ulikuwa unanivuta,
ulichelewa kuja hapa.
Nilikwambia imeanguka.
Ukasema, kesho."

Taa ya juu ilikuwa inavuma.
Mzee Heldur hakuwepo
wa kuutangaza ucheleweshaji huu.

Helve akajongea pembeni, akamwachia nafasi.
"Punje moja ya mchele," akasema.
"Mkono wa kushoto, kuelekea glavu."
Leelo akabana pumzi, akasukuma,
na akazidisha: punje tatu, labda nne.
Picha.

Mhariri anataka irudiwe.
Anasema hapo Okas anaruka,
anaifikia glavu kabla ya wakati wake.
Helve anasema iachwe hivyo hivyo.
Ni kipande kimoja cha sekunde iliyokatwa kumi na mbili;
mtoto wa Võru akipepesa jicho,
wa Narva akigeukia bakuli la uji,
hatajua kimepita.

Na leo, mezani,
kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi,
Leelo ameuliza kama Jumamosi ile,
saa mbili, televisheni ya sebuleni
itakuwa na mtu.